UZI: Ukumbi wa yoga ndani ya msitu wa Usambara Mashariki. Usihamishie banda la ufukweni mlimani

Mleta uzi:

Wakuu, habari za jioni. Nashusha uzi huu kwa awamu maana mambo ni mengi. Mwenye kiwanja Muheza, Amani, Magoroto au hata upande wa Lushoto avute kiti, na mafundi mliomo humu msipite kimya, nawahitaji.

Mimi kazi yangu ni kuchora majengo hapa Tanga. Kuna mama anafundisha yoga hapa mjini, na yeye na wanawe wana eneo upande wa Amani, shamba la iliki lililoachwa miaka mingi likarudi kuwa kichaka. Wanataka kujenga ukumbi wa mazoezi ambapo wageni watakaa siku kadhaa, wanyooshe viungo asubuhi, watafakari, watembee msituni, walale. Walinijia na picha kwenye simu. Zote ni za aina moja: banda la makuti lililo wazi pande zote, sakafu ya saruji inayong'aa, jua linachomoza baharini.

Picha ni nzuri, na banda lile kwa mahali pake ni jengo la akili sana. Limezaliwa Pangani, Bagamoyo na Unguja, ambako adui ni joto na upepo wa bahari ni rafiki. Ukilipandisha mlimani linakufa. Amani ipo kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, wastani wa joto kwa mwaka ni nyuzi 20 hivi, na mvua inakaribia milimita 1,900 kwa mwaka. Asubuhi ukungu unakaa kwenye majani mpaka jua lipande sana. Huko adui ni unyevu. Nguo uliyoanika jana leo bado mbichi, kiatu cha ngozi kinaota kuvu kabatini. Jengo lolote la huko ni lazima kwanza lijue kukauka, na hili ndilo ninalotaka tulijadili kwa undani, kwa sababu naona watu wengi wanaanza kupeleka mitaji yao mlimani na michoro ya pwani mkononi.

Nianze na mahali pa kuweka jengo. Watu wakisikia "msituni" wanataka ukumbi uwe katikati kabisa ya miti mikubwa, matawi yagusane juu ya paa. Naomba tuache hilo. Kwanza, misitu ile si misitu ya kawaida. Ni sehemu ya safu ya Milima ya Tao la Mashariki, yenye mimea na wanyama wasiopatikana pengine popote duniani. Yale maua madogo ya zambarau ambayo Wazungu wanayaweka madirishani, Saintpaulia, yalipelekwa Ulaya kutoka huku Tanga na mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyeyaokota mwaka 1892. Yanaota kwenye miamba yenye kivuli na maji, mahali padogo padogo. Mtaro mmoja wa msingi uliochimbwa bila kuangalia unaweza kufuta kundi zima la mimea uliyokuwa huijui hata jina.

Pili, na hili ni la kiufundi, paa lililo chini ya kivuli mchana kutwa halikauki. Linaota kuvumwani, majani yanajaa kwenye mabonde ya bati, na tawi la mti mkubwa likikatika usiku wa upepo linatua juu ya watu. Kwa hiyo nilichowashauri ni kutumia uwazi ambao tayari upo, lile shamba la zamani la iliki pale lilipobaki na miti michache, ili paa lipate jua saa chache kila siku. Msitu uonekane, usikike, unukie, ila usilale juu ya nyumba.

Awamu ya pili nakuja na uelekeo wa jengo. Karibuni.

---

Mchangiaji, fundi wa paa, Tanga mjini:

Mkuu, nakuunga mkono kwenye mambo mengi ila kwenye makuti tutabishana. Makuti yakisukwa vizuri na yakapangwa kwa karibu yanapitisha miaka. Nimeezeka hoteli za ufukweni, hakuna aliyerudi kulalamika. Na mgeni anayekuja kufanya yoga hataki kuona bati.

---

Mleta uzi:

Fundi, nashukuru umefika, na kwa ufukweni sina ubishi na wewe hata kidogo. Ila tuangalie kuti linavyofanya kazi. Mvua inaponyesha, kuti la juu linalowana, maji yanateleza mpaka chini kwa sababu paa limesimama wima, nyuzi 45 au karibu ya hapo. Mvua ikikata, upepo wa bahari na jua vinalikausha ndani ya saa chache. Uhai wa kuti uko kwenye kule kukauka. Sasa lipeleke kwenye ukungu wa Amani ambako linalowana hata siku isiyo na mvua. Halikauki, linaoza kuanzia chini ya mapindo, wadudu wanaingia, panya wanafuata wadudu, na nyoka anafuata panya. Mama wa watu atakuwa anaezeka upya kila baada ya misimu michache, na minazi yenyewe iko chini Tanga na Pangani, kila kuti lipandishwe kwa gari mpaka Amani.

Kwa hiyo paa ni bati la rangi, nene kiasi, lenye mwinuko wa nyuzi 30 hivi, rangi ya kijani kibichi iliyokolea au ya udongo, lisiloakisi mwanga. Najua utasema kelele. Ni kweli kabisa, na kwa yoga kelele ni kasoro kubwa kuliko kwenye nyumba ya kuishi. Masika ikipiga juu ya bati tupu mwalimu hasikiki hata na aliye mstari wa mbele, na darasa linakwisha hapo hapo. Tiba yake iko kwenye dari, na Tanga tuna bahati kwa sababu malighafi ni ya kwetu.

Katani. Zao lililofika hapa 1893 pale Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutoka hapo mkoa mzima ukawa wa mkonge. Mafundi wa jipsamu mnaijua nyuzi ya katani, mnaitandaza kwenye unga uliokorogwa ili mkanda wa dari usipasuke. Nilichochora ni dari ya mbao nyembamba zilizoachiana mwanya wa sentimita moja, juu yake tabaka la mkeka mzito wa nyuzi za katani lenye unene wa kiganja cha mkono, kisha nafasi tupu ya hewa, kisha bati. Sauti ya mvua inagonga bati, inapotea kwenye nyuzi. Sauti ya ndani nayo, badala ya kurudi na mwangwi kama kwenye ukumbi wa harusi, inamezwa na ule mwanya wa mbao. Nyuzi zitiwe chumvi ya boroni kabla ya kupandishwa, inazuia wadudu na inapunguza hatari ya moto. Na kwenye mapengo yote ya ukingo wa paa uwekwe wavu wa chuma wa matundu madogo, la sivyo popo watahamia humo kwa wiki moja.

Gharama inaongezeka, sikatai. Lakini ukiniuliza pesa ya mradi huu iende wapi, nitakwambia sakafu na paa. Kuta zinaweza kusubiri.

---

Mchangiaji, fundi wa paa:

Hapo kwenye katani umenishika. Niliwahi kuona mikeka ya aina hiyo ikitumika kuzuia sauti ya jenereta. Endelea mkuu, nimeweka kambi.

---

Mleta uzi:

Awamu ya pili: uelekeo.

Sisi Tanga tuko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta. Maana yake jua la saa sita linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Mwezi Juni linaegemea kaskazini kwa nyuzi kama 28, na Desemba linaegemea kusini kwa nyuzi 18. Kwa jengo la huku, pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, pande fupi zitazame mashariki na magharibi, kwa sababu jua la asubuhi na la jioni ndilo linaloingia chini kwa chini na halizuiliki na ukingo wa paa. Ukingo ukitokeza mita 1.5, hata Juni saa sita unatia kivuli ukuta wa upande wa kaskazini mpaka mita 2.8 kwenda chini. Hesabu hiyo inatosha jengo zima.

Yoga nayo ina lake. Mazoezi ya alfajiri, ile mizunguko wanayoiita Surya Namaskar, salamu kwa jua, hufanywa watu wameelekea mashariki. Kwa hiyo upande mfupi wa mashariki nimeufungua wote, milango ya kukunja kutoka sakafuni mpaka juu, na mwalimu anasimama hapo. Siku isiyo na ukungu, saa moja asubuhi jua la chini, ambalo kwenye nyumba ya kawaida ningelikimbia, hapa linaingia ndani mpaka katikati ya ukumbi. Linapasha mbao joto na kufukuza unyevu wa usiku. Jua la magharibi silitaki, upande huo ni ukuta mzima wa mbao usio na dirisha. Mama mwenyewe aliufurahia ukuta huo kuliko mandhari yote, maana kuna mikao ya kuegemeza miguu ukutani na ya kusimama kwa kichwa, na ukumbi ulio wazi pande zote hauna pa kuegemea.

Kiwanja kinateremka kuelekea kaskazini, na hiyo ni bahati. Upande mrefu unalala sambamba na mlima, hauukati. Nyuma, upande wa kusini, jengo linakaa karibu na ardhi, mbele linatokeza juu ya nguzo. Kusi, ule upepo wa kusini, ndiyo inayoleta ubaridi na manyunyu ya katikati ya mwaka, basi upande wa kusini nimeufunga: hapo pana stoo ya mikeka, vyumba vya kubadili nguo, na ukuta wa matofali. Kaskazini ni wazi, mbao za kufungua na kufunga, na kiangazi cha Januari na Februari upepo wa kaskazi unaingia bila kizuizi.

Matofali ni yale ya kufungamana ya udongo na saruji kidogo, yanayogandamizwa kwa mashine ya mkono. Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wamekuwa wakiyahamasisha, na udongo mwekundu wa kule unafaa ukichanganywa na mchanga. Matofali ya kuchoma nimeyakataa. Tanuru moja linakula kuni nyingi mno, na huwezi kujenga jengo la kupenda msitu kwa kuuchoma msitu wenyewe.

---

Mchangiaji, mwalimu wa yoga:

Nashukuru mno kwa uzi huu kaka yangu. Mimi nafundisha, na naomba uzungumzie sakafu kwa sababu wachoraji wengi wanaisahau. Sisi tunaishi sakafuni. Darasa la saa moja na nusu mwanafunzi anakanyaga, anapiga magoti, analala kifudifudi, na mwisho kabisa ni shavasana, analala chali bila kujitikisa kama dakika kumi. Hapo mwili unapoa haraka. Sakafu ya saruji mlimani inanyonya joto la mgongo mpaka mtu anatetemeka, na upepo wa chini kwa chini ukipita ndiyo kabisa. Jambo jingine ni taa. Kila ukumbi ninaokodi taa zinatazama chini, na mwanafunzi wangu analala chali zikimpiga machoni.

---

Mleta uzi:

Dada, umesema kila kitu nilichotaka kukisema, na umekisema vizuri kuliko mimi.

Sakafu ni mbao, na mbao ni msaji, yaani mtiki. Muheza kuna shamba la miti la serikali la Longuza lenye msaji, kwa hiyo mti unatoka wilaya hiyo hiyo, umepandwa ili uvunwe, una nyaraka zake, na hakuna mvule wala mtambaa wa msituni utakaoguswa. Msaji una mafuta yake ya asili, mchwa hawaupendi, na hauchezi sana hali ya hewa ikibadilika. Sharti moja: ukauke. Mbao mbichi zikipigiliwa leo, baada ya miezi zinapinda na kuachiana nyufa. Napenda mbao zifike kiwandani kwa seremala mapema, zipangwe na vijiti katikati yake chini ya kivuli, zikae. Kisha zipelekwe mlimani zikae tena wiki kadhaa ndani ya jengo lililokwisha ezekwa, zizoee hewa ya pale, ndipo zipigwe.

Ziwe za kuumana, upande mmoja ulimi upande wa pili mfereji, ili upepo wa chini usipenye. Zilale juu ya mapapi yaliyo karibu karibu, sentimita 40, sakafu iwe na unyumbufu kidogo chini ya mguu lakini isidunde. Na msiipake vanishi ya kung'aa. Jasho likidondoka kwenye vanishi unyayo unateleza, na mtu aliyesimama kwa mguu mmoja anaanguka. Mafuta ya kupaka na kufuta kwa kitambaa yanatosha, unarudia kila yanapokwisha.

Ukubwa nao tuuweke wazi. Mkeka wa yoga una urefu wa mita 1.8 hivi na upana wa sentimita 60, lakini mtu anahitaji kutanua mikono na miguu bila kumpiga jirani. Nimempa kila mmoja mita 2.4 kwa 1.4. Watu 16 wanachukua mita za mraba 54, ongeza nafasi ya mwalimu na ya kupita, ukumbi ukawa mita 7 kwa 10. Mama alitaka watu 30. Tulizungumza sana juu ya hilo, na mwisho alikubali mwenyewe kwamba watu 30 ni vyoo zaidi, maji zaidi, magari zaidi na kelele zaidi, na kile wanachokifuata wageni kingekuwa kimeondoka.

Kuzunguka ukumbi kuna veranda ya mita 1.8. Hiyo veranda inabeba kazi nyingi: inazuia mvua ya upepo isifike ndani, ni pa kupita, ni pa kutembea taratibu wakati wa kutafakari mvua ikinyesha. Mlangoni nimeweka baraza, baraza hasa kama za nyumba zetu za pwani, la kujengwa na kupigwa lipu. Hapo ndipo watu wanakaa wanavua viatu, pana bomba la kunawia miguu na sehemu ya kukung'uta matope. Udongo wa Usambara ni mwekundu, ukiingia kwenye mbao hautoki.

Taa: hakuna hata moja inayotazama chini. Zote zimefichwa juu ya mkanda wa ukuta zikimulika dari, mwanga wa manjano hafifu wa kupunguzwa na kuongezwa. Nje taa ni za chini ya goti, zinazimwa watu wakilala. Msitu ule una bundi, vinyonga, nondo wa usiku na popo, na mwanga mkali unavuruga maisha yao. Tena usiku wa Usambara una sauti zake: perere, mnyama mdogo kama pimbi, anapiga kelele mtini mpaka mgeni wa kwanza anadhani mtu anauawa. Wageni waambiwe mapema.

---

Mchangiaji, mwenyeji wa Muheza:

Shikamooni wakubwa humu. Mimi kwetu ni vijiji vya kule kule. Mtoa mada umeongea ya majengo, ila kuna la wazee. Kule kuna sehemu za msitu ambazo ni za matambiko, hazikatwi mti wala hapapigwi kelele. Ramani ya halmashauri haizionyeshi. Mwekezaji akijenga hapo hatapata ushirikiano wa mtu. Pia kuna njia za akina mama wanaochuma kuni kavu na za kwenda kisimani. Wageni wengi wakija kitu cha kwanza ni seng'enge.

---

Mleta uzi:

Marahaba mdogo wangu, na asante sana. Nilikuwa naliweka mwishoni lakini umelileta mahali pake.

Kabla ya kupima kiwanja tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akatuitia wazee wawili, tukatembea nao eneo lote. Mzee mmoja alitembea mbele na fimbo, kila akifika kwenye mti mkubwa anausimulia: huu ni wa nani, huu ulikuwa kivuli cha kukaushia iliki, ule pale msiusogelee. Tulichora mpaka wetu kwa maneno yake kwanza, mpima ardhi akaja baadaye. Njia ya kwenda kisimani inakatiza kona ya kiwanja na imeachwa ilivyo, haina geti. Darasa la wageni likiwa linaendelea na mama anapita na ndoo yake kichwani, basi anapita. Ni njia yake.

Kuhusu seng'enge, hakuna. Mpaka umepandwa miti ya asili ya hapo hapo. Na nasisitiza ya hapo hapo. Kituo cha utafiti cha Wajerumani kilichoanzishwa Amani mwaka 1902 kilileta miti mingi kutoka nje kwa majaribio, na baadhi imeingia msituni ikawa shida mpaka leo. Maesopsis eminii ndiyo inayojulikana zaidi, inaota haraka kila penye mwanya na kunyima nafasi miti ya asili. Kwa hiyo ile tabia ya kumaliza jengo halafu kuagiza maua ya bustani kutoka mjini, hapa iachwe.

Wapo pia walioniuliza kwa ujumbe kama watu wa kijijini watalipokea jengo hili, kwamba yoga ni ibada ya watu wengine. Huyu mama ni Mwislamu anayeswali, anafundisha kunyoosha mwili na kupumua, na aliwaeleza wazee hivyo hivyo bila kuficha. Walichouliza wao ni kazi, barabara na maji. Tulikubaliana ukumbi utatumika kwa mikutano ya kijiji na mafunzo ya akina mama siku zisizo na wageni, na ndiyo maana stoo ina viti vya kukunja.

---

Mchangiaji:

Mkuu vipi vibali? Na maji na vyoo umefanyaje? Hapo ndipo miradi mingi ya milimani inapokwama.

---

Mleta uzi:

Vibali kwa ufupi. Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa 1997, hujengi tu kwa kuwa umependa mandhari. Hii ni ardhi ya kijiji iliyo nje ya mpaka, yenye hakimiliki ya kimila. Mgeni asiye raia hapewi ardhi ya kijiji mkononi, kuna utaratibu wa uwekezaji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji. Kuna tathmini ya athari kwa mazingira, kibali cha ujenzi cha halmashauri, na michoro isainiwe na msanifu na mhandisi waliosajiliwa. Hata mti ulio kwenye shamba lako ulizia kwanza kwa watu wa misitu kabla ya kuupiga shoka. Msiruke hatua hata moja.

Mita 60 zile zichukulieni kwa uzito kuliko sheria inavyowalazimisha. Mto Zigi unaanzia kwenye misitu hiyo, unashuka mpaka bwawa la Mabayani, na maji yake ndiyo yanayonywewa Tanga mjini. Kinachomwagwa Amani kinashuka kwangu na kwako. Vyoo ni vya mboji, vya kutenganisha mkojo, vipo upande wa chini mbali na kijito. Maji ya kunawa yanakwenda kwenye vitalu vya migomba baada ya kupita kwenye kokoto.

Maji ya kutumia ni ya paa. Paa na veranda yake vinafunika mita za mraba 144. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo kwa mvua ya 1,900 na ukitoa kinachopotea, paa zima linaweza kuvuna zaidi ya lita laki mbili kwa mwaka. Lakini nimeweka gata upande mmoja tu, wa kusini, kule ardhi ilikopanda. Gata karibu na msitu linajaa majani kila wiki. Lile la kusini mlinzi analifikia kwa ngazi fupi. La kaskazini lingekuwa juu ya nguzo, hakuna atakayelisafisha, lingeziba, maji yarudi nyuma yaozeshe kenchi. Upande huo maji yanadondoka kwenye mtaro wa kokoto, basi. Nusu inayobaki, zaidi ya lita laki moja, inaingia kwenye matenki yaliyokaa juu ya vyoo na vyumba, yanashuka yenyewe bila pampu.

Msingi sasa. Hakuna mtaro wa msingi mrefu upande wa nguzo. Ni vitako vya zege vilivyochimbwa kwa jembe na sururu, kimoja kimoja, na ikikutwa mizizi mikubwa kitako kinasogezwa. Vipimo vyake mhandisi ndiye mwenye neno. Juu ya kila kitako kuna kipande cha bati kilichokunjwa kingo kuelekea chini, ndipo nguzo ikae. Mchwa hawezi kupanda bila kujenga njia yake ya udongo nje ya lile bati, na ile njia unaiona. Ndiyo sababu nafasi chini ya sakafu nimeiacha isipungue sentimita 60 popote, mtu aweze kutambaa na tochi kila mwezi. Upande wa mlimani kuna mtaro wa kukinga maji ya mteremko yasiingie chini ya jengo.

Na hakuna lori linalofika pale. Gari linaishia barabarani, vitu vinabebwa. Nilichora kila kipande cha jengo kiwe cha kubebwa na watu wanne, ndiyo maana kenchi zinaungwa juu kwa juu na hakuna boriti moja ndefu ya mita 7. Barabara ya lori ingekata miti mingi kuliko jengo lenyewe.

---

Mchangiaji kutoka Bagamoyo:

Kaka, somo zuri. Mimi niko Bagamoyo, nina eneo lenye vichaka na miti upande wa kuelekea Saadani. Nichukue mchoro huu huu?

---

Mleta uzi:

Hapana ndugu yangu, ndiyo maana ya uzi wote. Kwako ni msitu wa pwani, kama ule wa Zaraninge: mkavu zaidi, joto, na baadhi ya miti inapukutisha majani kiangazi. Kwako makuti yanafaa, na yule fundi wa paa hapo juu ndiye mtu wako. Kuta zifunguke pande zote, sakafu ya saruji laini ni raha kwa sababu ni baridi, na upepo ndio utakaokusaidia, kwa hiyo jengo lipanuke kuelekea kusi na kaskazi badala ya kujikinga nao. Hofu yako wewe ni moto wa vichaka, chumvi inayokula misumari, na mbu wa jioni. Safisha ukanda mpana wa majani makavu kuzunguka jengo, tumia misumari na bolti za kuzuia kutu, na weka vyandarua vya kushusha kuanzia saa kumi na mbili. Boriti za mikoko usinunue za magendo hata zikiwa rahisi, ule ukanda wa mikoko ndio unaoshikilia ufukwe wenu.

Maji ndiyo yatakayokusumbua zaidi. Piga hesabu ya paa kama nilivyoonyesha, ila tumia mvua ya kwenu, kisha nunua tenki kubwa kuliko unavyodhani. Ukiwa na picha za eneo na vipimo vyake zitundike hapa hapa, usinitumie pembeni, wengine nao waone.